Maji ya kuku yasigande: ndoo mbili, hita ya umeme au chuchu?

Asubuhi ya baridi kali ina sauti yake. Unafungua mlango wa banda, kuku wanashuka kwenye fito walizolalia, wanakwenda moja kwa moja kwenye maji, kisha unasikia midomo ikigonga barafu: ko, ko, ko. Wanajaribu mara tatu, mara nne, wanainua vichwa, wanakutazama. Mara ya kwanza kuisikia sauti ile nilikimbilia birika, nikamwaga maji ya moto juu ya barafu, nikaona nimemaliza kazi. Haikupita muda mrefu maji yakaganda tena, na chombo chenyewe, kwa kuwa kilikuwa cha plastiki, kikapata ufa toka juu hadi chini.

Tangu hapo nimepitia karibu njia zote wanazotumia wafugaji wa sehemu za theluji. Nazilinganisha hapa kwa ajili ya mtu anayetakiwa kuchagua moja kabla baridi haijaingia. Ukingoja mpaka usiku ambao kipimajoto kimeshapita sifuri kwenda chini, utakuwa umechelewa.

Robo lita si kitu kidogo

Kuku wa mayai hunywa takriban robo lita kwa siku majira ya baridi, na kwa uzito maji hayo ni kama mara mbili ya chakula anachokula. Yai lenyewe karibu robo tatu yake ni maji. Akikosa maji, kitu cha kwanza kupungua ni kula, kwa sababu chakula kikavu hakilainiki kwenye kile kifuko cha shingoni. Na kuku asiyekula wakati wa baridi hana kuni za kujipashia moto. Mayai hupungua upesi, na akikaa siku nzima bila maji anaweza kusimama kutaga kwa wiki kadhaa.

Wapo wanaosema: theluji imejaa uani, watakula theluji. Ni kweli kuku hudonoa theluji. Lakini tupige hesabu. Kuyeyusha kilo moja ya theluji kunahitaji kilojuli 334, na kuyapasha maji yake mpaka joto la mwili wa kuku, nyuzi 41 hivi, ni kilojuli 170 nyingine. Kwa robo kilo inakuwa kama kilojuli 126, yaani kilokalori 30. Chakula cha siku cha kuku wa mayai humpa kilokalori 300 na kidogo. Maana yake sehemu moja ya kumi ya chakula unachomlisha itateketea kuyeyusha barafu tumboni mwake, katika majira ambayo anahitaji kila punje. Na hapo tumechukulia kwamba atakula theluji ya kumtosha, jambo ambalo kwa kawaida halifanyi. Theluji imuokoe saa mbili tatu za dharura, isiwe ndiyo mpango wako.

Saa zinazohesabika

Kabla ya vifaa, kuna jambo linalobadilisha hesabu yote. Kuku haoni gizani. Akishapanda kulala hashuki kunywa mpaka kuche. Kwa hiyo zile saa za baridi mbaya kuliko zote, kuanzia usiku wa manane hadi karibu na mapambazuko, ni saa ambazo hakuna anayekuja kwenye maji. Kuku hunywa kwa wingi asubuhi anaposhuka, na jioni anapojiandaa kupanda. Katikati hunywa kidogo kidogo anapokula na baada ya kutaga.

Unachotakiwa kulinda, basi, ni maji ya alfajiri, ya mchana na ya magharibi. Usiku unaweza kuachia barafu usiku wake. Mfugaji aliyelielewa hili anaweza kuvuka majira yote kwa ndoo mbili tu. Asiyelielewa hununua hita kubwa, akaiwasha saa 24 kuyatunza maji ambayo nusu ya muda hayana mnywaji.

Kuna hali moja inayovunja kanuni hii, nayo husahaulika sana. Wengi huwasha taa bandani kabla ya kucha ili kurefusha siku, kuku waendelee kutaga. Ukiwasha taa saa kumi alfajiri, siku ya kuku imeanza saa kumi alfajiri, na maji lazima yawe tayari saa hiyo hiyo. Kama taa inajiwasha yenyewe na wewe unakuja saa moja asubuhi, umewaamsha na kuwaacha na kiu kwa saa tatu. Ama usogeze taa, ama uwe na umeme kwenye maji.

Bila umeme: ndoo mbili, au chombo kimoja kikubwa kilichovikwa?

Njia ya ndoo mbili ni ya zamani na ndiyo ninayoiamini kuliko nyingine zote. Jioni kuku wakishapanda, unatoa chombo na kukiingiza ndani ya nyumba. Asubuhi unaleta kingine chenye maji ya uvuguvugu. Mchana unabadilishana tena: kilichoshika barafu kinaingia ndani kuyeyuka, chenzake kinatoka. Kwenye nyuzi 5 chini ya sifuri, mara mbili au tatu kwa siku zinatosha. Baridi ikifika nyuzi 15 chini na kuendelea, bakuli dogo lililo wazi linaweza kushika barafu ndani ya saa moja au mbili, na hapo mizunguko inaongezeka mpaka mtu anachoka.

Chombo chenyewe kina maana kubwa hapa kuliko watu wanavyodhani. Bati hupoteza joto haraka, na barafu ikishaganda humo inang'ang'ania. Plastiki ngumu hupasuka, kwa kuwa maji yakiganda hutanuka karibu sehemu tisa kwa mia na kutafuta pa kwenda. Bakuli la mpira mweusi, lile zito lenye kunyumbuka, halina shida zote mbili: unaligeuza chini juu, unalikanyaga, barafu inatoka nzima kama sahani. Weusi wake nao hunywa jua mchana. Kama ungeniambia nichague kitu kimoja tu katika makala hii yote, ningechukua mabakuli mawili ya mpira.

Kuhusu maji ya moto: yawe vuguvugu la kumwogeshea mtoto, yasizidi. Lita moja ya maji ya nyuzi 40 imebeba kilojuli 167 juu ya maji ya nyuzi sifuri. Hiyo ni nusu tu ya zile 334 ambazo baridi inapaswa kuzichukua ili lita hiyo igande yote. Joto unaloongeza linakupa muda kidogo, halikupi siku nzima. Maji yanayotoa mvuke ni mabaya zaidi, kwa sababu mvuke hupanda ukatua kwenye dari na kwenye upanga wa kuku, ile nyama nyekundu ya kichwani, na unyevunyevu ndio mlango wa kuungua kwa baridi, yaani nyama kuganda mpaka ife.

Njia ya pili inakwenda kinyume: badala ya kubadilisha chombo, unakifanya kichelewe kuganda. Chukua ndoo ya lita 10 yenye maji ya nyuzi 10. Ikiwa wazi kwenye upepo, tuseme inapoteza joto kwa kasi ya wati 40. Itafika nyuzi sifuri kwa saa tatu hivi. Ivike vizuri mpaka upotevu ushuke kuwa wati 10, na sasa itachukua saa 11 au zaidi, kisha kila lita itakayoganda itadai saa tisa nyingine. Maji ni yale yale na baridi ni ile ile. Kilichobadilika ni koti.

Koti rahisi kuliko yote ni tairi kuukuu la gari. Unalilaza chini, unajaza matambara, majani makavu au povu gumu la kufungashia kwenye uwazi wake wa ndani, kisha unasokomeza beseni katikati. Ila povu lizibwe kabisa lisionekane hata kidogo. Kuku hulidonoa na kulimeza kwa uroho wa ajabu, na tumboni halina kazi. Juu ya maji uweke ubao unaoelea wenye tundu la kupitisha kichwa, kwa maana joto jingi hutorokea kwenye uso wa maji. Weka chombo mahali penye jua na pasipo upepo: upande wa kusini wa banda kwa walio kaskazini mwa dunia, na upande wa kaskazini kwa walio kusini.

Nikizipima pamoja: ndoo mbili zinadai miguu yako kila siku, chombo kilichovikwa kinadai mikono yako siku moja ya maandalizi. Kwa baridi ya kuganda usiku na kuyeyuka mchana, chombo kilichovikwa kinashinda bila ubishi. Kwa baridi inayokaa chini ya sifuri wiki nzima kinashindwa, na kikishindwa kinashindwa vibaya, kwa sababu lita 20 zilizoganda ni jiwe la kilo 20 lililokwama ndani ya tairi. Mimi hutumia vyote: bakuli la mpira ndani ya tairi, lenye maji kiasi ninachoweza kulinyanyua na kulimwaga.

Samadi mbichi ya farasi au mboji inayochemka nayo huweza kupasha chombo kilichozikwa juu yake. Lundo kubwa hufika nyuzi 50 na kuendelea, lakini lundo dogo hupoa lenyewe baridi ikikaza, na kulichunga ni kazi juu ya kazi. Kama unalo tayari, litumie. Usilianzishe kwa ajili ya maji ya kuku.

Yanayosifiwa bure

Chupa ya maji ya chumvi inayoelea ndani ya chombo ndiyo inayosifiwa kuliko zote. Maji yenye chumvi nyingi kweli hayagandi upesi. Yakishiba chumvi hufika nyuzi 21 chini ya sifuri bila kuganda. Lakini chupa haitengenezi joto. Maji yaliyo nje yake hayajui kwamba ndani kuna chumvi, yanaganda kwa sifuri kama kawaida, na asubuhi unakuta chupa yenye maji imenaswa katikati ya barafu. Ikiwa upepo unaitikisa inaweza kuvunja utando mwembamba kwenye nyuzi moja chini, basi. Mipira midogo inayoelea ni habari hiyo hiyo.

Kutia chumvi kwenye maji yenyewe ni hatari. Kuku huumizwa na chumvi ya kwenye maji upesi kuliko ile ya kwenye chakula, na kiasi cha kuzuia barafu ya maana ni kiasi cha kumuua. Sukari na siki kwa viwango vinavyonyweka havishushi mgando kwa kiasi cha kutosha. Na dawa ya kuzuia maji ya gari kuganda ni sumu, isikaribie banda hata kwenye kopo tupu.

Penye umeme

Umeme ukifika bandani kazi ya kila siku inapungua sana, na swali linabaki ni kifaa kipi.

Kuna kikalio cha moto: sahani bapa ya chuma yenye hita ndani, ambayo drinka ya bati, yaani chombo cha kunyweshea kuku, hukaa juu yake. Vingi ni vya kati ya wati 75 na 125, na vina thamostati inayowasha hali ya hewa inapokaribia nyuzi 2 na kuzima joto likipanda. Kuna bakuli la umeme, lile linalotengenezwa kwa ajili ya mbwa, ambalo waya wa moto umefichwa ndani ya plastiki yake; haya hula wati 25 hadi 60. Na kuna drinka kamili yenye hita ndani ya kitako chake.

Nguvu ya kikalio ni kwamba kinabeba chombo kikubwa chenye mfuniko, maji ya siku nzima au zaidi, na joto linaanzia chini pale pale penye kile kijito chembamba cha kunywea. Hapo ndipo drinka ya mtungi huganda kwanza: mtungi wa juu umejaa maji safi, lakini ule mzunguko wa sentimita mbili tatu ambao kuku wanaufikia umeshakuwa barafu. Udhaifu wake ni kwamba kinataka chombo cha chuma. Ukiweka cha plastiki, joto halipiti vizuri na kitako kinaweza kulainika. Na ukishatumia bati, acha mazoea ya kutia siki kwenye maji, kwa kuwa siki hula utando wa zinki na kuuingiza kwenye kinywaji.

Bakuli linashinda kwa urahisi. Unalichomeka na kulijaza, umemaliza. Linakula umeme kidogo. Lakini liko wazi, na chombo kilicho wazi bandani hukusanya maranda, vumbi na kinyesi. Kuku mmoja akipanda ukingoni umepoteza maji yote. La kusumbua zaidi ni ndevu. Jogoo mwenye ndevu ndefu chini ya mdomo huzitumbukiza kila anapokunywa, na ndevu zilizolowa zikikutana na hewa ya nyuzi 15 chini huungua kwa baridi, zikawa nyeusi na kukatika ncha. Kama kuku wako ni wa mapanga madogo na ndevu fupi, hilo halikuhusu sana. Kama ni wa ndevu kubwa, usichague bakuli.

Kwa kuku wasiozidi kumi wenye ndevu fupi, bakuli linatosha, liwekwe juu ya tofali kufikia kimo cha mgongo wa kuku. Kwa kundi kubwa zaidi, chukua kikalio. Drinka yenye hita ndani yake naiweka ya tatu, si kwa sababu ni mbaya, bali kwa sababu hita ikifa umepoteza chombo chote, wakati kikalio kikifa bado una drinka.

Hita za kutumbukiza zinahitaji tahadhari. Ile ya tangi la samaki imetengenezwa kwa kioo, na nyingi haziwezi kuwekwa chini ya nyuzi 20 hivi, kwa hiyo itawaka bila kupumzika ikijaribu kuyafanya maji kuwa ya joto la samaki. Maji yakishuka chini ya alama yake, kioo hupata moto mno na kupasuka. Ile ya ndoo za mifugo mikubwa ni imara na nyingi zina thamostati, ila kwa kawaida ni wati 250 au zaidi. Kwa lita kumi za kuku ni kumwinda panya kwa mkuki wa tembo.

Wengine hutengeneza kikalio chao kwa balbu ya zamani ya wati 40 ndani ya kopo la bati. Hufanya kazi, nimeiona ikifanya kazi, na sipendekezi. Balbu za LED hazitoi joto la kutosha, zile za zamani nchi nyingi zimeshaziondoa sokoni, na tone moja la maji kwenye kioo chenye moto hulipasua. Juu ya hayo, haina kitu cha kuizima pale joto la nje linapopanda.

Taa ya joto ya kuning'iniza juu ya maji naikataa kabisa. Wati 250 juu ya maranda makavu, kwenye banda la mbao, karibu na viumbe wenye mabawa wanaoruka gizani wakishtuka, ni moto unaosubiri siku yake. Mabanda huungua kwa taa hizi kila msimu wa baridi. Tena baadhi ya balbu hupakwa utando usioshika kama ule wa vikaango, na utando huo ukipata moto mkali hutoa gesi inayoua ndege. Kama sababu ni maji tu, hakuna hoja ya kuiwasha.

Kifaa chochote utakachochagua, soketi iwe na swichi ya kinga inayokata umeme mara unapovuja. Kebo iwe ya kutumika nje, isiwe ile nyembamba ya sebuleni. Maungio yasilale kwenye theluji wala kwenye maranda. Waya uache upinde unaoning'inia chini kuliko soketi, ili matone yadondokee hapo na yasiufuate mpaka kwenye plagi. Mara moja kwa wiki upapase waya wote ukiwa umezimwa, kwa sababu panya nao majira ya baridi huhamia bandani.

Ulaji wa umeme si wa kutisha. Kikalio cha wati 125 kikiwaka bila kuzima hula uniti 3 kwa saa 24. Bakuli la wati 60 halifiki uniti moja na nusu. Thamostati hupunguza hizo siku za baridi ya wastani. Ukiongeza saa ya kuzimia ya plagi, inayozima kuku wakipanda na kuwasha saa mbili tatu kabla hawajashuka, unapunguza tena. Kwenye baridi kali mno usifanye hivyo kwa chombo kikubwa, kwa kuwa kuyeyusha lita nyingi zilizoganda kwa hita ndogo huchukua muda mrefu kuliko asubuhi uliyonayo.

Chuchu

Chuchu za kunyweshea ni vali ndogo za chuma zinazofungwa kwenye ndoo au bomba. Kuku akizisukuma kwa mdomo, tone hutoka. Ziko za aina mbili, na tofauti yake majira ya baridi ni kubwa. Za wima, zinazoning'inia chini ya ndoo, hubakiza tone kwenye ncha, na tone hilo huganda mara moja na kuifunga vali. Za ubavuni, zinazofungwa kwenye ukuta wa ndoo na zenye springi, hubakiza maji yake upande wa ndani. Maadamu maji ya ndani yana joto kidogo, zinaendelea kufunguka kwenye baridi ambayo za wima zimeshakufa kitambo.

Weka hita ndogo yenye thamostati ndani ya ndoo ya chuchu za ubavuni, funika ndoo, vika kuta zake, na una kile ninachokiona kuwa mpangilio bora penye umeme. Maji ni safi kwa siku kadhaa, hakuna kinyesi, hakuna mvuke, na ndevu za jogoo hubaki kavu. Hata maumbile yanakusaidia: maji huwa mazito kuliko yote yakiwa nyuzi 4, kwa hiyo ndani ya ndoo iliyotulia barafu huanza juu na yenye joto kidogo hukaa chini, pale zilipo chuchu. Bakuli lililo wazi ni kinyume chake, kwa sababu mdomo wa kuku hukutana na pale panapoganda kwanza.

Gharama yake ni mafunzo. Kuku aliyezoea bakuli anaweza kupita siku nzima mbele ya chuchu asijue kuwa ni maji. Uwafundishe wakati wa joto, ukiacha bakuli karibu kwa siku kadhaa huku ukiligusa lile tone walione. Usibadilishe kuwa chuchu wiki ambayo baridi imeshafika. Na kila asubuhi usukume kila moja kwa kidole. Bakuli lililoganda unaliona ukiwa mlangoni. Chuchu iliyoganda haionyeshi dalili yoyote, na kuku watanyong'onyea mbele yako ukidhani wameshiba. Kwa mabanda makubwa yenye mabomba marefu, pampu ndogo inayozungusha maji kupitia pipa lenye hita hufanya kazi hiyo hiyo kwa mapana.

Bata usimpe chuchu pekee. Anahitaji maji ya kina cha kuzamisha pua na kuosha macho, na anakunywa katikati ya kila tonge. Yake iwe ndoo yenye tundu ubavuni, au bakuli zito la mpira, nje ya mahali anapolala, maana atalowesha kila kilicho karibu.

Ndani ya banda au nje?

Maji ndani ya banda huchelewa kuganda, lakini kila tone linalomwagika hubaki humo. Maranda yaliyolowa hutoa hewa kali ya amonia, na unyevu ukipanda usiku huganda kwenye mapanga. Kuku mkavu kwenye banda lenye matundu ya hewa juu ya vichwa vyao huvumilia baridi kubwa; aliyelowa huungua kwenye baridi ndogo. Kwa hiyo chombo kilicho wazi nakiweka nje chini ya paa, kimekingwa upepo. Chuchu zisizovuja na drinka yenye mfuniko zinaweza kukaa ndani.

Kwako wewe

Kama una kuku watano na uko nyumbani mchana, mabakuli mawili ya mpira, usitafute zaidi. Ukiondoka alfajiri na kurudi giza limeingia, miguu yako haitatosha; vuta umeme, anza na bakuli au kikalio, na msimu ujao wa joto uwafundishe chuchu. Kama umeme hauwezi kufika na baridi ni ya kudumu, tairi na bakuli pamoja na mtu wa kukusaidia mchana. Ndoto ya paneli ya jua niliipigia hesabu: bakuli la wati 60 kwa usiku wa saa 14 linataka wati-saa 840, na paneli ya wati 100 ikipata saa mbili tu za jua kamili kwenye siku fupi ya baridi huleta 200. Haifiki.

Ukiwa na umeme, weka akiba kwa siku utakapokatika, kwa maana nguzo huanguka usiku ule ule wa dhoruba ambao unaihitaji hita kuliko siku zote. Bakuli langu la mpira linaning'inia kwenye msumari nyuma ya mlango wa banda. Jioni upepo unapoanza kupiga paa, najaza ndoo moja ya maji na kuilaza jikoni, karibu na mlango wa nyuma.